Nasaba na majina ya ukoo katika Ufaransa Mpya

Ufaransa Mpya lilikuwa koloni la Wafaransa lenye kitovu katika bonde la mto Saint-Laurent, kwenye nchi ambayo leo ni Kanada. Samuel de Champlain aliuanzisha mji wa Quebec mwaka 1608, na utawala wa Ufaransa ukakoma rasmi kwa mkataba wa Paris wa 1763. Wazao wa walowezi wake wana hazina adimu. Mapadri waliandika kila ubatizo, ndoa na maziko, na sehemu kubwa ya madaftari yao ipo hadi leo. Kanisa la Quebec lilipoungua mwaka 1640 pamoja na madaftari yake, kumbukumbu ziliandikwa upya kwa yale ambayo watu waliyakumbuka.

Ugumu, basi, uko kwenye majina. Familia nyingi zilibeba mawili, yakiunganishwa na neno dit, yaani “aitwaye”. Mengi yalitoka jeshini. Kikosi cha Carignan-Salières kilifika mwaka 1665 kikiwa na askari wapatao 1,200, na miongoni mwao walikuwemo walioitwa kambini Lafleur au Sansouci, huku wengine wakiitwa kwa mkoa wa kwao, kama Langevin, mtu wa Anjou. Askari wapatao 400 walilowea huko. Majina ya kambini yakarithiwa na watoto wao.

Antoine Roy dit Desjardins, fundi wa mapipa kutoka Joigny, alikuwa mmoja wa askari hao. Alimwoa Marie Major mwaka 1668, wakapata mtoto mmoja, Pierre. Antoine aliuawa Lachine mwaka 1684, lakini kupitia Pierre ukoo ulienea, wengine wakibaki na Roy, wengine wakishika Desjardins. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1900, Alphonse Desjardins alianzisha chama cha kuweka na kukopa mjini Lévis. Baba yake alikuwa bado akiandikwa François Roy dit Desjardins. Anayetafuta jina moja tu atapoteza nusu ya ndugu.

Majina ya ubatizo nayo yanachanganya. Wavulana wengi waliandikwa Joseph na wasichana Marie, na kwa kawaida jina la mwisho la ubatizo ndilo lililoitwa nyumbani. Mtoto akifa, jina lake mara nyingi alipewa mdogo wake.

Tegemeo kubwa la mtafiti ni wanawake. Katika hati, mke aliendelea kuandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake mpaka kufa, hata alipokuwa mjane au alipoolewa tena. Na kwa kuwa hati ya ndoa kwa kawaida iliwataja wazazi wa pande zote mbili, ndoa moja humpeleka mtafiti kwenye mbili za kizazi kilichotangulia. Marie Major mwenyewe alikuwa mmoja wa “mabinti wa mfalme”, wanawake wapatao 770 waliosafirishwa kwa gharama ya Louis XIV kati ya 1663 na 1673 ili waolewe na walowezi.

Padri Cyprien Tanguay alizikusanya nasaba hizi katika juzuu 7 zilizotoka kati ya 1871 na 1890. Tangu 1966, Chuo Kikuu cha Montréal kimekuwa kikiunganisha kumbukumbu za parokia kwa kompyuta. Hesabu yake inampa Zacharie Cloutier, seremala aliyefika mwaka 1634, wazao 10,850 kufikia 1800. Kazi huwa ngumu zaidi kwa familia zilizohamia viwanda vya Marekani katika karne ya 19, ambako Boisvert aligeuka Greenwood na Roy akawa King.

Wapo pia watu ambao madaftari hayohayo yaliwanyima ukoo. Mwanahistoria Marcel Trudel alibainisha watumwa zaidi ya 4,000 katika Kanada ya Wafaransa, wengi wao Wenyeji wa Amerika na wengine Waafrika. Mara nyingi waliandikwa jina la ubatizo pekee, likifuatiwa na jina la mmiliki. Mwanamke mweusi aliyenyongwa Montréal mwaka 1734 kwa tuhuma ya kuuchoma mji anatajwa katika kesi yake kama Marie-Josèphe dite Angélique, bila jina la baba wala la mama.