Undugu wa Kuchanjiana



Wazee wetu waliujua undugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasiozaliwa pamoja walichanjwa, damu zao zikachanganywa, na tangu siku hiyo ilikuwa mwiko mmoja kumsaliti mwenziwe. Mwaka 1876 Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, alichanjiana hivyo na Stanley. Lilikuwa tone tu, wala halikumdhuru mtu.

Kumtia mtu damu kwa chupa ni jambo jingine. James Blundell, daktari wa uzazi wa London aliyeona kina mama wakitokwa na damu hadi kufa, alianza mwaka 1818 kuwatia wagonjwa damu ya watu wengine. Baadhi walipona, wengine wakafa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Jibu lilitoka Vienna mwaka 1901. Karl Landsteiner alichanganya damu za wenzake wa maabara, akaona nyingine zikishikamana mabonge. Mwenye kundi A ana kingamwili dhidi ya B, wa B dhidi ya A, na wa O anazo zote mbili. Ukimtia wa A damu ya B, kingamwili hizo huvamia chembe nyekundu na kuzipasua. Mgonjwa hutetemeka kwa homa, mgongo humuuma, mkojo hugeuka mwekundu, figo hushindwa kazi, na anaweza kufa. Ndiyo maana muuguzi hukuuliza tena jina na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kutundika mfuko. Usiudhike.

Sisi wa Kings Heath hutembea Highbury Park bila kukumbuka kwamba jumba la pale lilikuwa la Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni aliyeteremka Mombasa mwaka 1902. Mwaka 1915 liligeuzwa hospitali ya majeruhi wa vita. Ni katika vita hivyo, mwaka 1917 huko Ufaransa, daktari Oswald Robertson wa jeshi la Marekani alipohifadhi damu ya kundi O katika chupa zenye dawa ya kuizuia isigande. Damu ikamngoja majeruhi, badala ya majeruhi kumngoja mtoaji.

Leo A, B na O pekee hazitoshi. Wagonjwa wengi wa selimundu huongezewa damu mara kwa mara. Isipolingana na yao hata katika alama ndogondogo, mwili hutengeneza kingamwili mpya, na safari ijayo damu ya kuwafaa hupatikana kwa taabu. Wengi huhitaji aina iitwayo Ro, ya kawaida kwa Waafrika na adimu kwa Wazungu.

Twasema damu nzito kuliko maji. Lakini ndugu wa tumbo moja huweza wasilingane damu, na mtu wa Kigoma akamfaa mtoto wa Mjamaika wa Handsworth. Basi tukipanda basi la 50 kwenda mjini, tuulizie kituo cha kuchangia damu. Aliyerudi karibuni kutoka nyumbani ataambiwa asubiri kwa sababu ya malaria. Asikate tamaa, arudi. Huko nako ni kuchanjiana, ijapokuwa nduguyo hutamwona.