Kuzimua si kutangua

Ukisema magadi yanazimua asidi, umetumia kitenzi kizuri mahali pasipo pake. Kuzimua ni kupunguza ukali kwa kuongeza maji, kama maji ya moto yanavyozimuliwa kwa ya baridi kabla ya kuoga. Asidi nayo huzimuliwa, lakini haiishi. Chukua mililita 100 za asidi ya haidrokloriki yenye pH 1, uitie maji mpaka ifike lita moja: pH itapanda hadi 2, ila bado itadai kiasi kilekile cha alkali, tuseme sodiamu haidroksaidi, ilichokidai mwanzo. Alkali hufanya kazi nyingine kabisa. Huichukua haidrojeni ya asidi, na kinachobaki ni chumvi na maji. Tendo hilo ningeliita kutangua, kwa kuwa kilichotanguliwa, kiwe ndoa au uteuzi, hakipo tena.

Kuna atakayesema kutangua ni neno la mahakamani, na kwamba ukali ukishapungua, jina la tendo si hoja. Ni hoja, kwa sababu kutangua kuna hesabu yake. Molekuli moja ya haidrokloriki hutoa haidrojeni moja. Ya salfuriki, ile ya betri za magari, hutoa mbili. Ya sitriki, iliyomo ndani ya limau, tatu. Basi molekuli zikiwa sawa kwa idadi, alkali itatakiwa maradufu au mara tatu. Maji hayana hesabu hiyo. Nyunyiza magadi kwenye maji ya limau: povu linafoka, hewa ya ukaa ikitoka. Endelea kidogo kidogo, na utakapoongeza magadi povu lisitoke tena, asidi imetanguka.