Kaburi Lenye Tabaga

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Haboba, bibi yangu, alinikataza kwenda Arua. "Babu yako yuko Ombaci," alisema, "na wa Ombaci hawana kaburi la mtu mmoja mmoja." Alfajiri nikapanda teksi kutoka Koboko bila kumuaga.

SASA ENDELEA...

"Leo umewahi," mchimba makaburi alinipokea Arua, akafungua lango la makaburi bila kuniuliza shida yangu. Nikadhani ni uzee.

"Mlugbara hazikwi hapa," akaendelea, kwa Kiswahili kile cha kambini. "Anazikwa kwao, uani, wajukuu wacheze juu yake. Mkakwa vilevile. Hapa ni petu sisi tuliokuja."

Akaelekeza jembe kwenye mawe matupu yaliyomezwa na nyasi. Hao, alisema, ni wajukuu wa askari wa Emin Pasha, yule wa Wadelai. Wengine walikuja baada ya 1914, Waingereza walipoichukua West Nile kutoka Sudan wakapiga boma Arua. Kisha safu zikakatika. Tangu Oktoba 1980 watu walikuwa wamekimbilia Kongo na Sudan, nani angezika?

Nilijua kilichofuata. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali waliwamiminia risasi raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci. Kwetu siku hiyo hupikwa chakula cha dua, na Haboba hazungumzi mpaka jua lizame. Babu yumo katika shimo walimozikwa wote pamoja. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Mzee akasimama.

Kaburi lilikuwa limepaliliwa, udongo bado mwekundu. Kwenye jiwe, jina la babu, jina la baba yake, na mwaka: 1986.

Miaka mitano baada ya Ombaci!

Juu yake palifunikwa tabaga ndogo, kawa la kusukwa, nyekundu na kijani. Niliigeuza. Fundo la mwisho lilikuwa limefichwa ndani, upande wa kushoto. Koboko nzima ni mwanamke mmoja tu anayefunga hivyo, naye ndiye aliyenilea.

"Bibi huyo huja kila Idi," mzee alisema. "Dua moja, anaondoka mbio. Hataki kukutana na yule aliyelipia jiwe."

"Nani huyo?"

Akanikazia macho, kisha akarudi hatua moja.

"Kumbe siye wewe?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO