Setilaiti mzee itaanguka lini? Kisa cha BeppoSAX

Kimya kilizidi, kazi zilinibana. Leo tuache kodi kidogo tuangalie juu.

Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni. Tangu hapo nikienda nyumbani Kitale naulizwa: nyinyi watu wa kompyuta mnashindwaje kutuambia mapema chuma kitaanguka wapi? Jibu langu ni kisa cha mwaka 2003.

BeppoSAX ilikuwa setilaiti ya Waitaliano, wakisaidiwa na Waholanzi, uzito tani 1.4. Ilirushwa kutoka Marekani Aprili 30, 1996 kuchunguza miale ya eksirei angani. Data zake zilishukia Malindi, kwenye kituo cha Waitaliano ambacho jukwaa lake la baharini ndilo lililorusha setilaiti ya Uhuru Desemba 12, 1970. BeppoSAX ilizimwa Aprili 30, 2002. Haikuwa na injini ya kuishusha baharini kwa mpango, kwa hiyo ikaachiwa hewa iivute.

Ndiyo, hewa. Hata kilomita mamia kadhaa juu, imebaki kidogo. Jua likichangamka hewa hiyo hufura, msuguano huongezeka, na setilaiti hushuka haraka zaidi. Hakuna anayejua kwa uhakika jua litafanya nini kesho, wala setilaiti iliyokufa itageukia upande gani. Ndiyo maana wazoefu wa hesabu hizi huweka kosa la karibu asilimia 10 ya muda uliobaki, au zaidi.

Tuhesabu pamoja. Ikibaki siku moja, asilimia 10 ya saa 24 ni saa 2.4. Weka kosa hilo mbele na nyuma, unapata karibu saa 5. Setilaiti iliyo chini huzunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Maana yake ndani ya kosa hilo inazunguka dunia mara tatu! Kitale hadi Bungoma, kilomita 70 hivi kwa mstari ulionyooka, inazimaliza kwa sekunde 10.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi wa ikweta. Setilaiti inayopita karibu na ncha za dunia huzungukiwa na dunia chini yake, hivyo mizunguko mingi haipiti karibu na mji wako, na unaweza kuifuta kwenye orodha. Njia ya BeppoSAX iliinama digrii 4 tu. Kitale iko digrii 1 kaskazini ya ikweta, Bungoma kama nusu digrii. Kila mzunguko ukanda ni uleule, na Kenya imo. Hakuna cha kufuta.

Chukua kalkuleta: sine ya digrii 4 ni 0.07. Ukanda ule ni asilimia 7 tu ya uso wa dunia, na hatari yote imerundikwa humo. Kila kilomita ya mraba ilibeba wastani mara 14 ya ambao ingebeba kama hatari ingegawanywa dunia nzima.

Kwa hiyo mtu wa Roma aliweza kulala akijua kwa hakika kwamba haitamwangukia. Sisi tuliokuwa chini yake ndio tusingeweza kuambiwa hivyo hadi dakika za mwisho.

Iliingia angahewa juu ya Pasifiki Aprili 29, 2003. Kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 30. Mimi nilikuwa mtoto wa nasari, nimelala Kitale. Nyanya alikuwa Bungoma. Hakuna aliyejeruhiwa.

Basi hilo ndilo jibu: ukanda tunaujua miaka kabla, saa hatuijui, na bila saa hakuna mahali. Ukikuta chuma kigeni shambani usikiguse, waite polisi. Na kumbuka mkataba wa kimataifa wa 1972: kikiharibu mali au kuumiza mtu ardhini, nchi iliyokirusha ndiyo inayolipa.

Haya, tukutane wakati mwingine.