Alama juu ya Ngozi: Historia ya Uvimbe wa Kaposi katika Inchi Zetu za Mashariki

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 13, twasoma kwamba mutu mwenye alama juu ya ngozi yake aliletwa mbele ya Haruni, ao mbele ya mumoja wa wana wake makuhani. Kuhani alitazama: nywele zimegeuka kuwa nyeupe? Alama imeingia chini kuliko ngozi? Kama hakuwa na hakika, alimutenga mutu yule siku 7, akamutazama tena, na pengine akamutenga siku 7 nyingine. Waseminari wengi wapita haraka juu ya sura hiyo, kwani ni ndefu, wala haina hadithi. Sisi twaifungua leo kwa sababu ya ugonjwa mumoja wa ngozi ambao si ukoma, lakini umekaa katika inchi zetu muda mrefu bila kujulikana kwa jina lake. Watu walipouona, wakaupa jina la ugonjwa mwingine.

Jina lenyewe latoka mbali. Moritz Kohn alizaliwa mwaka 1837 katika muji wa Kaposvár, inchi ya Hungaria, kwa wazazi Wayahudi. Akafanya kazi Vienna chini ya Ferdinand von Hebra, munganga mwenye sifa kubwa katika magonjwa ya ngozi, akaoa binti yake, akabatizwa Mukatoliki, akajiita Kaposi kwa kukumbuka muji wake. Mwaka 1872 aliandika habari za wagonjwa 5, wanaume wazima waliopita miaka 40. Walikuwa na madoa ya rangi kama damu iliyoganda, yaliyogeuka vinundu vigumu miguuni na mikononi. Mwaka uliofuata, 1873, Hansen katika inchi ya Norvegi aliona mikrobe ya ukoma. Basi magonjwa haya mawili yalitengwa katika vitabu karibu wakati mumoja, lakini katika vijiji vyetu yakabaki kuchanganywa miaka mingi tena.

Vitabu vya Ulaya vilisema kwamba uvimbe wa Kaposi ni kitu adimu, cha wanaume wazee wa Ulaya ya kusini na ya mashariki. Waganga Wabeleji waliofanya kazi katika Kongo wakakuta mambo mengine. Mwaka 1957 munganga Thijs alichapisha uchunguzi wake juu ya Kongo ya Wabeleji na Ruanda-Urundi, akaonyesha kwamba huku si adimu hata kidogo. Mwaka 1961 waganga wa inchi nyingi wakakutana Kampala kwa ajili ya ugonjwa huu tu. Kisha Denis Burkitt, Muirlandi aliyepasua wagonjwa pale Mulago, pamoja na Cook, wakakusanya hesabu za kansere kutoka hospitali nyingi, na nyingi kati yake zilikuwa za misioni. Uvimbe wa Kaposi ulionekana zaidi katika Kongo ya kaskazini-mashariki na katika West Nile ya Uganda. Hesabu zile hazikutoka katika labo kubwa peke yake: zilitoka kwa watu walioandika wagonjwa wao katika daftari, mwezi kwa mwezi. Neno «adimu» lategemea mahali mwandishi alipokaa.

Kuutambua ni kazi ngumu. Juu ya ngozi nyeusi, ile rangi ya damu haionekani vizuri. Laonekana doa jeusi, ao kinundu, ao muguu umevimba na kuwa mugumu kama ubao. Mwenye kutazama kwa macho tu aweza kusema ni ukoma, ao matende, ao kovu lililokua, ao vinundu vya filaria. Kwa ukoma kuna jaribio la zamani: munganga agusa doa kwa uzi wa pamba, mugonjwa akiwa amefunga macho, na mara nyingi mwenye ukoma hasikii kitu pale. Lakini kwa uvimbe wa Kaposi, njia ya hakika ni kukata kipande kidogo cha ngozi, kukitia katika formoli, kukipeleka labo. Pale wakitia katika parafini, wakikata nyembamba sana, wakipaka rangi, na kwa mikroskopi waona chembe ndefu zenye ncha mbili, na damu katikati ya nyufa. Safari ya kile kichupa, kutoka zahanati ya kijijini hata labo ya muji, yaweza kupita siku 14 za Walawi mara nyingi.

Kosa lina bei yake. Dawa ya ukoma haiponyeshi Kaposi. Na mwenye ukoma akiambiwa ana kitu kingine, mishipa yake yaharibika bila dawa, hata vidole vyake vyalemaa, wala havirudi tena.

Sisi wa Goma tuna sababu yetu ya kusoma historia hii. Mwaka 1993 John Ziegler, aliyekuwa amefanya kazi Uganda, aliandika kwamba ugonjwa huu wa zamani wafuata inchi zenye udongo wa volkano. Aliwaza kwamba chembe za udongo zaingia katika nyayo za watu wasio na viatu na kuharibu mishipa ya limfa, namna Price alivyoonyesha katika Etiopia kwa miguu inayovimba. Sisi tunaotembea juu ya mawe ya Nyiragongo, yaliyomwagika mwaka 1977, na 2002, na 2021, tungeamini upesi. Lakini mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waliona virusi ndani ya uvimbe huu. Virusi hivyo vyapita hasa kwa mate, na watu wengi wanavyo bila kuugua. Pengine udongo wasaidia ugonjwa, hautoshi kuuleta.

Katikati ya mambo hayo iliingia sida. Mwaka 1981 waganga wa New York na California walishangaa kuona Kaposi kwa vijana. Katika Lusaka, mwaka 1983, munganga Anne Bayley, aliyeujua ugonjwa wa zamani wa wazee, aliona mwingine unaokimbia mbio na kuua. Tangu siku zile jina limebadilika katika vinywa vya watu. Zamani walisema «mukoma». Sasa wasema «ana sida», hata juu ya muzee mwenye kinundu kimoja cha muguu kwa miaka 10, ambaye damu yake haina virusi vya sida kabisa. Kipimo cha damu chajibu neno hilo kwa dakika chache, lakini maneno ya jirani yatangulia kufika.

Wenye sida wakipata dawa za kuzuia virusi, uvimbe mara nyingi wapunguka. Wengine wahitaji dawa za kansere. Uvimbe ukiisha, doa jeusi laweza kubaki palepale, na watu waendelea kulitazama. Sura ya 14 ya Walawi ina neno juu ya mutu wa namna hiyo, aliyepona. Hakuingia kambini kwanza. Kuhani mwenyewe alitoka nje ya kambi kwenda kumutazama.