Hatua za Kuchukua Gari Linapofungwa Mnyororo

Gari kufungwa mnyororo gurudumuni humkwamisha mfanyabiashara, mgonjwa na dereva anayedaiwa hesabu ya siku. Hata hivyo, pupa huongeza hasara. Dereva anayejaribu kuliondoa gari likiwa limefungwa huweza kuharibu rimu, breki na bodi, na anayekata mnyororo huweza kushtakiwa kwa kuharibu mali chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Hatua ya kwanza ni kufahamu nani amelifunga. Ushuru wa maegesho ya kando ya barabara za mijini husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Makosa ya usalama barabarani hushughulikiwa na Jeshi la Polisi, na madeni yake huonekana katika mfumo tofauti. Kulipa deni moja hakufuti jingine. Dereva asome karatasi iliyoachwa kiooni, kisha amwombe mtumishi aliyepo kitambulisho na maelezo ya deni. Asipofahamika aliyelifunga, taarifa itolewe kituo cha polisi kilicho karibu.

Hatua ya pili ni kuhakiki deni. Deni la maegesho hufuata namba ya usajili wa gari, si jina la dereva. Huweza kutazamwa kwa simu kupitia menyu ya huduma za Serikali, *152*00#, au kuulizwa ofisi ya TARURA. Tarehe, mahali na namba ya gari vilinganishwe na ankara.

Hatua ya tatu ni malipo. Fedha za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, kupitia benki, wakala au simu ya mkononi. Mdaiwa asikabidhi fedha taslimu wala kutuma kwenye simu ya mtu binafsi. Fedha iliyopita mkononi haifuti deni, na gari laweza kufungwa tena kwa deni lile lile. Anayeombwa rushwa atoe taarifa TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Baada ya kulipa, dereva aoneshe ujumbe wa uthibitisho, asubiri mnyororo ufunguliwe na mhusika, akague gurudumu kabla ya kuondoka, na atunze stakabadhi.

Asiyekubaliana na deni apige picha za gari, mahali lilipoegeshwa na alama za barabarani zilizopo, kisha awasilishe malalamiko kwa maandishi katika ofisi iliyotoa ankara, akiambatisha vielelezo hivyo.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika wanashauriwa kuhakiki madeni ya maegesho na ya polisi kabla ya kukabidhi fedha. Pasipo kufanya hivyo, mnyororo wa deni la mmiliki wa awali huweza kumkuta mmiliki mpya.