Aota iliyovimba: gharama ya kupasuliwa tumbo na ya kutibiwa kupitia kinenani

Aota ndio mshipa mkubwa zaidi wa damu mwilini. Hutoka moyoni na kushuka hadi tumboni. Ukuta wake ukidhoofika, hasa kwa wanaume wazee waliovuta sigara, mshipa huo hutuna polepole na mara nyingi mgonjwa hahisi lolote. Ukipasuka, wengi hufariki kabla ya kufika hospitali. Kwa mwanamume, madaktari hushauri matibabu upana wake unapofika sentimita 5.5.

Njia za kutibu ni mbili. Ya zamani ni kupasua tumbo na kushona bomba la kitambaa mahali palipovimba. Ya pili ilianzishwa na Dkt. Juan Parodi mjini Buenos Aires, Argentina, mwaka 1990: bomba lililokunjwa hupitishwa ndani ya mshipa wa kinenani, kisha hukunjuliwa likifika kwenye uvimbe.

Ipi nafuu? Nchini Marekani, utafiti wa OVER ulifuatilia wagonjwa 881 katika hospitali za wanajeshi wastaafu. Bomba la kinenani liligharimu wastani wa dola 14,052, na la kushona dola 1,363. Lakini waliotibiwa kupitia kinenani walilazwa siku 5, wenzao siku 10.5. Hivyo bili ya kulazwa ikawa dola 37,068 dhidi ya 42,970. Baada ya miaka miwili, gharama zote zikijumlishwa, hapakuwa tena na tofauti ya maana.

Sababu ni kwamba bomba la kinenani laweza kusogea au kuvujisha damu pembeni, kwa hivyo mgonjwa hupimwa maisha yake yote na pengine hurudishwa kutibiwa tena. Utafiti wa EVAR 1 wa Uingereza ulionyesha pande zote mbili. Katika siku 30 za mwanzo walifariki asilimia 1.7 ya waliotibiwa kinenani na 4.7 ya waliopasuliwa. Kadiri miaka ilivyopita, faida hiyo ilitoweka na gharama ikazidi. Mwaka 2020, mwongozo wa matibabu wa Uingereza ulishauri kuwa anayeweza kuhimili upasuaji wa tumbo apewe huo.

Kwetu Pwani hesabu hiyo haiwezi kunakiliwa vivi hivi. Nafuu ya Marekani ilitokana na kitanda cha hospitali kuwa ghali. Pale ambapo kitanda ni bei ya chini na bomba laagizwa ng'ambo, mizani yaweza kugeuka.

Kwa hivyo, kabla ya familia kuitisha mchango, iulize hospitali mambo manne: bomba peke yake ni pesa ngapi? Mgonjwa atakaa siku ngapi katika chumba cha wagonjwa mahututi? Skeni za kila mwaka zitafanyiwa wapi, na nauli je? Bima italipa kipi, leo na miaka ijayo? Mgonjwa wa Lamu asiyeweza kusafiri kwa skeni hajapata nafuu, hata bili ya kwanza ikiwa ndogo.